Vilivyong'ang'ania Kondo

Jumatatu, 4 Machi

Pumzi fupi leo. Nesi ameniongezea mto wa tatu.

Mkwe wangu ana homa tena. Mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Zahanati wamemtoboa kidole: hakuna malaria. Nikamwambia mwanangu ampeleke hospitali kubwa. Akacheka kwenye simu. "Mama, umestaafu utafiti wa malaria! Sasa unagombana na kipimo?"

Jumatano, 6 Machi

Homa haijashuka. Nimemweleza mwanangu taratibu. Kimelea cha malaria kikishaingia kwenye chembe ya damu, husukuma protini yake hadi juu ya chembe hiyo, na protini hiyo hushika sukari iliyo kwenye kondo la nyuma. Hujibanza huko. Kidoleni huenda usikione kabisa. Na mimba ya kwanza mwili haujajifunza kupambana nacho.

Eti basi mke wake aache soda.

Si sukari ya kikombeni, baba!

Mkwe akasikika kwa nyuma: "Mama asijisumbue, ni uchovu tu." Sauti imekonda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesema.

Kwamba kabla ya mwanangu huyu nilibeba mimba nyingine. Mtoto alizaliwa amekufa. Mimi na marehemu baba yake tulikubaliana kutolitaja. Lakini hata marehemu hakujua lililobaki: kondo nililipeleka maabara mwenyewe, kwenye ndoo ya barafu, damu bado zinanitoka. Nililisuuza. Vimelea tele, vimeng'ang'ania! Nikamimina sukari ileile iliyoyeyushwa — vikaachia. Nikapiga makofi peke yangu. Makofi! Kwenye makala niliandika "mama mmoja, mimba ya kwanza." Kondo hilo ndilo lililonipa uprofesa. Wenzangu walinipongeza, nami nikatabasamu.

"Na kipimo chako cha kidole?" akauliza.

Kilikuwa safi, baba. Mara mbili.

Kisha nikasikia funguo za gari, na yeye akimwambia mkewe avae viatu.

Ijumaa, 8 Machi

Amelazwa. Vimelea vimeonekana, kwa kipimo kinachoviona hata vikiwa vichache. Mtoto tumboni ni mdogo kuliko umri wake. Mapigo yapo, hafifu. Dawa imeanza. Daktari hataki kusema zaidi.

Mwanangu alipiga kutoka koridoni. Nilingoja anigombeze — ana haki. Akauliza tu: yule wa kwanza alikuwa wa kike au wa kiume?

Sijui. Mkunga alikuja kwangu amembeba kwenye kitambaa. Nikamwuliza kondo liko wapi.