Kabla ya Mteja wa Kwanza

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefungua duka la dobi na ushonaji, nimewasha pasi ya mvuke, nimetia uzi mpya. Suruali za kupunguza zimefunika kiti kizima. Mama Minji kaingia na chai yake ya shayiri, kakaa nyuma ya kaunta. Kama kawaida, hana habari na mtu mpaka mteja wa kwanza alipe. Ndiye mwenye duka, mimi fundi wake. Binti yake ni Minji, na Wakorea nao humwita mama kwa jina la mtoto. Hilo tu lilinifanya nimpende tangu siku zangu za mwanzo hapa Wheaton, Marekani.

Mchana kanisimulia tena soko lake. Lile kubwa la Seoul, kwenye lango la kusini. Lilianza enzi za wafalme. Vita vikaliteketeza, watu wakarudi wakapanga vitu juu ya majivu. Mama yake alishona nguo za watoto pale, yeye akikata nyuzi chini ya meza. Sabuni na nyama za kopo za kambi za Wamarekani ziliuzwa kwa kificho. Polisi akitokea, hakuna kitu. Akigeuka, vyote vimerudi. Wakaliita soko la vibwengo. Nimecheka mpaka machozi. Nilikuwa namwona mama yangu Kariakoo, anakunja turubai na vitenge vyote ndani, mgambo wapo kona.

Natamani nisikie kelele zile hata asubuhi moja.

Alhamisi, 9 Oktoba
Minji kaja kutoka mji wa Columbia, anakoishi. Kasema kwa upole, mbele yangu: miguu ya mama haiwezi tena, atahamia kwake, duka lifungwe mwisho wa mwezi. Kuna muuza simu anaitaka fremu ya duka.

Mama Minji akaendelea kukunja shati. Nikajidunga sindano kama mwanafunzi.

Naitaka fremu ile mimi. Naitaka na cherehani zake na kengele yake ya mlangoni. Naandika hapa kwa sababu sijathubutu kumwambia mtu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimemwambia Wanjiru, jirani yangu, nesi. Mkenya hana subira. "Si umuulize tu, bana. Huyo mama anakupenda. Ukizubaa, huyo jamaa wa simu ata-sign na utabaki ukilia."

Kweli.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeuliza. Mlango ndio kwanza umefunguliwa, chai hajaionja. Niachie duka, nimemwambia. Yamenitoka yote kwa mpigo.

Uso wake ukakunjamana. Akainuka polepole, akachukua chumvi, akaimwaga kizingitini. Mbele yangu. Kama anafukuza nuksi.

Mtu wa kwanza kuingia aliuliza bei ya zipu akaondoka. Mama Minji akanitazama. Nimelia ndani ya basi, na sijali nani kaniona.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nilikuwa napika ubwabwa, ikanijia. Mama. Kabla hajauza, mama yangu hakopeshi, hachenji noti, hata pini haazimi. Jirani aliyekuja kuomba kitu asubuhi aliondoka na maneno makali. Mteja wa kwanza akikuungisha, akanunua, siku imefunguka. Ukianza kwa kuombwa, utaombwa mpaka jioni.

Na mimi nimekwenda kumwomba mwanamke wa soko duka zima kabla hajauza hata kifungo. Mjinga mimi. Na nimekulia chini ya meza kama yake.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimejizuia. Bwana mmoja kachukua koti lake, kalipa. Wakaja wengine. Mama Minji alipomaliza kula, nikaketi karibu yake, nikauliza tena.

"Leo umeuliza saa nzuri," akasema. Kisha akataka kujua kama naweza kuamka mapema kila siku. Nikasema naweza. Akampigia Minji, azungumze na mwenye jengo.

Muuza simu atafute kwingine. Cherehani zinabaki. Kengele inabaki.

Jumatatu, 3 Novemba
Baridi. Siku yangu ya kwanza. Njia nzima nina hofu moja: wa kwanza akiuliza bei akaondoka, je?

Kulikuwa na mtu mlangoni. Mama Minji, kakaa juu ya kigari chake cha kutembelea, shali hadi masikioni. Minji yuko garini, anapiga miayo. Wametoka Columbia alfajiri.

Nikafungua. Hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama upande wa wateja, akaweka sketi juu ya kaunta. Pindo lake alilishona mwenyewe, halina kasoro hata moja. Anataka lipunguzwe kidogo. Hakuuliza bei. Alilipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili.

Kengele ikalia akitoka. Nikawasha pasi, nikakaa, nikaanza kulifumua pindo lake.