Hili Linageuka Ndege

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha asubuhi kimekwisha, au angalau kimepunguza kelele. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeanza kulegea na kazi ni ileile, kupanda na kushuka. Wiki hii nilikwama ndani ya lifti niliyokuwa naitengeneza mwenyewe, na mama mmoja mwenye mbwa akanigombeza kana kwamba nimefanya makusudi. Wenzangu wananicheka mpaka leo.

Naandika kwa sababu jambo hili halifai kwa simu. Kaa kwanza.

Unaujua ugonjwa wangu wa maroboti ya kujigeuza, yale ya enzi za utoto wetu. Rafu juu ya kitanda changu imejaa: lipo la lori, lipo la kaseti, lipo la kamera. Jirani akiingia huniuliza kama nina mtoto. Namwambia mtoto ndiye mimi. Basi Jumapili nilikwenda kwenye mnada wa vitu vya zamani nikakuta sanduku zima, halijachanika hata pembe, na ndani yake Kuku wetu. Kuku, Baba! Rangi ileile nyekundu na nyeupe, kifua kilekile chenye kioo cha manjano. Kidogo nilie mbele za watu.

Nikafika chumbani, nikafungua karatasi ya maelekezo, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baba, si kuku. Hajawahi kuwa kuku. Ni eropleni! Ndege ya kivita, yenye pua na magurudumu. Miaka yote ile niliwaringia watoto wa mtaa mzima kwamba roboti langu linageuka kuku na ya kwao hayana hata yai. Ulitupoteza, mzee!

Bado unaye? Nitumie tafadhali, nimweke karibu na mwenzake. Na macho je? Uliniambia daktari anataka kuutoa huo mtoto wa jicho. Nitakuja, safari hii kweli.

Mwanao,
Bisibisi


Tarehe 27 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Barua yako imefika. Shangazi yako alinisomea, na alipofika kwenye yule mbwa alicheka mpaka akapoteza mstari. Mimi mzima, kikohozi kimehamia kwa jirani. Hii naandika kwa mkono wangu kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, kwa hiyo mistari ikipanda mlima ivumilie. Jicho la kulia limeshafunga duka. La kushoto linafungua asubuhi tu.

Sasa tuje kwenye kesi yangu. Ati nilikupoteza. Ala! Roboti lenyewe nililiokota kwenye rundo la mitumba, halina sanduku, halina karatasi. Muuzaji aliniambia maneno matatu: "Hili linageuka ndege." Hakusema ndege ile wala ndege yule. Alisema ndege, akamgeukia mteja mwingine. Nikaja nyumbani, nikamtafuta ndege, nikampata. Ana mdomo, ana mabawa, ukimbonyeza mgongoni anadonoa. Hiyo eropleni yako inadonoa? Basi nyamaza.

Kuku yupo karakana, juu ya redio kubwa ya dirishani. Simtumi ng'o. Ukimtaka mfuate. Nimekuwekea picha tu, shangazi yako aliipiga, uone kwamba hajakonda.

Daktari amepanga upasuaji tarehe 20 Aprili, ataanza na jicho la kulia. Nitalala na bandeji, asubuhi wataifungua. Mimi na wewe tunapenda kuzungukazunguka, lakini leo nakwambia wazi: nataka sura ya kwanza nitakayoiona iwe yako. Mara ya mwisho kukuona vizuri hukuwa na ndevu. Shangazi yako anasema sasa unazo, tena nyingi. Ndevu za mwanangu siwezi kuzipokea kwa kusimuliwa.

Usiniandikie tena "safari hii kweli". Njoo tu.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani, habari za shangazi? Mimi mzima wa mwili tu. Barua yako nimekaa nayo mfukoni nikiikwepa.

Aprili sitaweza, Baba. Kampuni imechukua jengo jipya, lifti zote ni zetu, na msimamizi amesema atakayeondoka kabla halijakabidhiwa aondoke bila mshahara. Bila mshahara nauli siipati. Mwombe daktari asogeze mpaka Julai, nakusihi. Najua unavyonikazia macho sasa hivi, hata kwa hilo jicho moja, na nimeona aibu kuandika mistari hii.

Kwa kujiliwaza nilimshusha yule wa sandukuni nimgeuze kuku. Vidole vyangu bado vinaikumbuka njia: miguu nyuma, mabawa chini, halafu pua unaikunja iwe mdomo. Lakini pua ikagoma. Nikajaribu tena, nikasikia plastiki inalia, nikaacha nisije nikaivunja. Huyu hawezi kuwa kuku hata umbembeleze vipi.

Ndipo nikaichukua picha uliyonitumia, nikaiweka chini ya kioo cha kukuza. Shingoni kwa Kuku wetu pana bawaba ya shaba. Imeshikwa kwa skrubu ndogo za redio, zilezile ulizokuwa ukinipa nizipange kwa ukubwa. Na ubavuni pana mikwaruzo ya tupa, imesuguliwa vizuri, kazi ya mtu ninayemjua.

Huyo ndege hukumpata, Baba. Ulimtengeneza. Kwa nini?

Mwanao,
Bisibisi


Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi yako anakusalimu, anasema hajakasirika, na akisema hivyo ujue amekasirika.

Haya, umenishika. Nilikufundisha mwenyewe kutazama skrubu, leo zinanitolea ushahidi.

Mama yako alipokwenda ng'ambo kusomea uuguzi ulikuwa na miaka mitano. Tulimsindikiza, ukasimama dirishani ukaiona ndege inammeza. Halafu zikaja zile habari, akazikwa hukohuko, na mimi sikujua namna ya kumwambia mtoto kitu ambacho hata mimi kilikuwa hakiniingii. Kila ndege ikipita juu ya nyumba, ulikuwa unatoka mbio mpaka uani, unapunga mikono yote miwili: "Mama, shuka! Mama, shuka!" Ikishapotea unarudi ndani, na chakula huli tena. Nilikuwa nakuangalia nikiwa mlangoni na bisibisi mkononi, sina la kutengeneza.

Lile roboti nililinunua ili ucheke. Nikalijaribu karakana kabla ya kukupa, likageuka upesi tu, si gumu. Nikaona pua. Nikaona magurudumu. Nikaliweka mezani. Nitampaje mtoto huyu ndege? Basi nikachukua tupa. Muuzaji alisema ndege, na sisi ndege tunao wa aina mbili. Nikakutengenezea yule ambaye jioni analala nyumbani.

Ulimpenda mno. Ulimlaza kwenye boksi la spika na kumfunika kitambaa cha kufutia vumbi. Ukaacha kukimbia uani, si mara moja, lakini ukaacha. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na nimefufua redio nyingi.

Halafu ukakua, ukapanda ndege, ukaenda. Sikulaumu. Nilikusindikiza mwenyewe na nilijikaza, muulize shangazi yako. Lakini uliponiomba Kuku nikasema simtumi, nikawaza: huyu si mtoto tena wa kufichwa ndege. Basi nimemfungua. Kwa vidole tu, macho siku hizi ni mapambo. Bawaba yake ya mwanzo ilikuwa kwenye kopo la skrubu miaka yote hii, na sehemu nilizosugua nimezijaza gundi. Imeshika. Ile ya shaba nimeifunga kwenye karatasi pamoja na skrubu zake, usiipoteze. Mwalimu jirani yetu anasafiri kuja huko kesho, atakukabidhi mkononi.

Sasa linageuka ndege kama karatasi yako inavyotaka.

Tarehe ya daktari siisogezi, maana nikiisogeza mara hii nitaisogeza daima, na jicho halitanisubiri. Usipoweza kuja nitaelewa. Sura ya kwanza itakuwa ya shangazi yako, nayo ni nzuri, nimeizoea. Ila ningependa yako, mwanangu. Ningependa sana.

Baba yako,
Fundi


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za afya kwa sababu nakuona. Umelala mbele yangu, bandeji imekukata uso nusu, na unakoroma kama redio inayotafuta stesheni.

Nilifika wakati umeshaingizwa ndani. Shangazi aliniona mlangoni akapiga kelele mpaka nesi akamtishia kumtoa nje. Ananiminya mashavu kila baada ya muda kuhakikisha ni mimi. Ukiamka jioni hii nitakaa kimya, yeye ndiye atakayeongea, kazi hiyo anaiweza. Usikasirike. Uliagiza unione, hukuagiza unisikie.

Mwalimu alinikabidhi kifurushi kwenye ngazi za jengo nikiwa na ovaroli yangu ya kazi. Nikaketi palepale, nikaligeuza, likawa ndege, pua imenyooka. Nililia, Baba, na wapita njia wakanipisha. Kesho yake nikamwambia msimamizi naondoka. Akasema sawa, bila mshahara, nafasi atanishikia. Maroboti yote nimeyauza, na lile la sandukuni pia. Mnunuzi aliona na hili lako, akalishika, akasema limechezewa lakini atalichukua hivyohivyo. Nikamwambia hili nasafiri nalo.

Tulipokaribia kutua tulipita chini kabisa juu ya nyumba za watu, nikaona kamba za kuanikia nguo, nikaona nyua. Nilikuwa namtafuta mtoto mmoja. Sikumwona, lakini nilipunga mkono dirishani, na mzee niliyekaa naye akapunga pia, bila kuuliza.

Barua hii haina stempu. Naitia kwenye mfuko wa shati lako, utaisoma ukishaweza kusoma. Wakifungua bandeji asubuhi niangalie mimi kwanza, na ndevu zangu zote. Halafu ndipo utazame kabati dogo la kitanda. Fundi wa lifti wa hospitali hii ameniazima bisibisi, nami nimeifunga tena ile bawaba ya shaba. Ndege imeshanileta. Nimemrudisha kuwa kuku, na ukimbonyeza mgongoni anadonoa.

Mwanao,
Bisibisi