Karatasi ya juu ya pleksi

Mujukuu wangu Muhindo,

Wavukire, umeamuka muzuri? Huku Vulamba tungaliko. Maharagi imekauka vizuri, lakini mugongo ya koko yako Masika, muke wangu, haimuachilie. Unaniuliza namna ya kukata pleksi, ile plastiki ya kuonekana kama kioo, bila ipasuke, kwa ile aquarium ya samaki unatengeneza huko kwako.

Usitoe karatasi yenye inaifunika. Weka rula, pitisha kisu polepole, rudilia mustari ule ule mpaka uingie ndani, kisha uivunjie pembeni ya meza. Karatasi inatoka mwisho, pleksi isikwaruke.

Wakati wa vita nilikuwa seremala. Niliweka pembeni pleksi moja kwa aquarium ya Paluku, mutoto wetu, mukubwa wa baba yako, mwenye alipenda samaki. Akaenda Alimbongo kutafuta viazi. Camion ya mizigo ikatuletea maiti yake.

Ile pleksi nikaikatia dirisha ya sanduku yake ya kuzikwa, sababu kwetu batu banaangalia uso mara ya mwisho. Ilikatika muzuri, kuliko zote nilikata mbele ya ile siku. Nikaanza kutoa karatasi. Koko yako Masika, mwenye alimuosha na kuona uso yake, akaweka mukono juu ya karatasi.

“Hapana, Baba Paluku. Uiache.”

Tukamuzika karatasi ikiwa bado juu ya pleksi.

Nilikuwa nafikiri kazi yenye kufanywa vizuri inasaidiaka kitu. Ile siku haikusaidia, na mpaka leo sijaona chenye kinasaidia.

Basi weye, ukimaliza, toa karatasi yote. Kisha utuandikie kama samaki zinaonekana vizuri. Koko yako Masika ndiye anauliza.

Koko yako mwanaume, wa Vulamba