Maksi za Chai ya Mama

Tabata, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mvua zimeanza vizuri huko Nyaishozi. Mimi ni mzima, kazi ya kuchanganya chai inaendelea. Kondakta wa basi atakuletea barua hii na vifurushi vitatu: cha mchaichai na maganda ya chungwa, cha maua mekundu ya choya, na cha vanila na pilipili manga. Vionje, unipe maksi bila huruma kama ulivyotupa darasani. Naitafuta chai ya Mama. Tangu tumzike naogopa ulimi wangu utaisahau, na shahidi niliyebaki naye ni wewe.

Usiniulize nitakuja lini. Kuingia jikoni kwake bado siwezi.

Mwanao,
Kokuhirwa

Nyaishozi
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, mgongo unauma pale tu ninapotakiwa kupalilia migomba. Kalamu nyekundu bado ninayo.

Mchaichai, sita. Inanyweka. Choya, mbili, na zote mbili ni za rangi. Jirani yetu Ambrose alidhani ni divai akaomba tena. Vanila na pilipili, nne. Sijui ni chai au keki iliyokasirika.

Ya mama yako haimo. Yake ilikuwa na kitu kilichokuja nyuma, ukishameza. Asubuhi nakaa kukitafuta mpaka kikombe kinapoa. Jaribu tena, mvumilivu hula mbivu.

Mwalimu Elpidius,
Baba yako

Tabata
17 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, habari za tangu siku zile? Pokea cha karafuu, cha majani ya mpera, na kimoja nilichokausha juu ya moshi wa kuni. Bosi wangu amesema hicho kinanuka jiko, nikafurahi.

Jioni nakunywa chai nikikitazama kibuyu cha maziwa cha Mama, kile nilichoondoka nacho baada ya msiba. Nimekitundika sebuleni. Wageni wanakisifia sana.

Mwanao,
Kokuhirwa

Nyaishozi
30 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, sote wazima. Karafuu, tano. Mpera, tatu, ni dawa ya tumbo ile. Ya moshi, saba: umekaribia, ila umepiga hodi nyumba ya jirani.

Sasa sikiliza. Jumapili baada ya ibada alinitembelea mama yako mdogo Salvina kutoka Kituntu. Mimi maziwa nanunua ya dumu. Yeye aliyaleta kwenye kibuyu alichokifukiza kwa moshi wa nyasi kavu, kama walivyofundishwa wasichana wa zamani. Nikapika chai kwa majani ya dukani, bila kiungo chochote. Nilipomeza nililia, Salvina akadhani nimeungua.

Nimempa tisa. Haikuwa kwenye majani, Kokuhirwa. Mama yako alikifukiza kibuyu kila asubuhi mbele yetu, nasi tukadhani anasafisha chombo tu.

Hicho cha ukutani usikitume kwa basi. Kilete mwenyewe.

Baba yako

Tabata
6 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Nimerudi Dar salama, ndizi ulizonifungia hazikuiva njiani. Nilisimama mlangoni mwa jikoni muda mrefu, ukajifanya huoni, nakushukuru. Mama mdogo aliponifundisha kufukiza nilikohoa mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya moshi. Nilipoonja chai ile nilimsikia Mama akiniita niamke, niwahi shule.

Wewe ulimaliza kikombe, ukanyoosha mkono kuomba kingine. Maksi hukutoa. Nimezisubiri hadi naondoka.

Hapa ukutani umebaki msumari. Sijaung'oa.

Mwanao,
Kokuhirwa

Nyaishozi
28 Januari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo.

Mwalimu hasahihishi mtihani ambao haujaisha. Kibuyu nakifukiza mwenyewe kila asubuhi, hata siku ambayo sina maziwa, kisije kikasahau. Salvina ananicheka kwamba hiyo si kazi ya wanaume.

Msumari ung'oe. Pasaka uje, tuendelee.

Baba