Hamira ya Mama Ndani ya Chupa ya Utafiti

Shangazi Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla wageni hawajafika, maana chakula hakipiti, na nikisimama darasani kujibu swali sauti inakwama kooni kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu yenyewe si ya kujivunia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mtu wa vitabu, na niko kwenye klabu ya sayansi. Mtaro wa jiko la shule yetu huziba kwa mafuta kila mara, maji yanarudi mpaka mlangoni kwa mpishi, basi mwalimu wetu wa biolojia akaomba msaada kwenye mfuko wa utafiti wa kanda, ule unaosaidia shule kuunda jamii za vijidudu, yaani unachagua aina chache za bakteria unaowajua, unawaweka pamoja wafanye kazi ambayo mmoja peke yake haiwezi. Maabara ya kanda ikatupa aina tatu: wa kwanza anavunja mafuta, wa pili anakula mabaki ya wa kwanza, wa tatu anatoa ute unaowashikanisha wasisombwe na maji. Hadubini tumeazima zahanati, nao wanataka tuirudishe.

Sasa, Shangazi, shuleni umeme unakatika na vijidudu wanataka joto lisiloyumba, na mimi ndiye niliyesema nyumbani kwetu joto lipo, kwa sababu mama anaoka mikate ya kuuza na chumba cha tanuri hakipoi, hivyo nikaichukua chupa nikaiweka kwenye rafu juu ya beseni la unga unaoumuka, mdomo nikaufunika kwa kitambaa chepesi ili wapate hewa, na mama akawa anaitunza kama mjukuu, akitoka anamwambia dada, "Ole wako uisogeze hiyo chupa, hao ni wageni wa mdogo wako." Kazi ikaenda vizuri ajabu. Maji machafu ya jikoni tuliyomimina humo hayakubaki na hata utando wa mafuta, mwalimu akapiga picha akautumia mfuko, nao wakajibu kwamba wanakuja kuona kwa macho yao, na wakiridhika shule itapata hadubini yake na jokofu la maabara, mimi nitaenda kujifunza kwenye maabara yao wakati wa likizo, na mchanganyiko wetu utagawiwa shule nyingine za kanda nzima.

Juzi wenzangu walipokwenda kula nikabaki, nikaweka chini ya hadubini tone nililolitoa kwenye chupa ya nyumbani, na katikati ya bakteria wadogo kama vumbi nikaona wengine wakubwa, wenye umbo la yai, baadhi wana vichipukizi ubavuni. Niliwajua papo hapo, kwa sababu picha yao iko kitabuni na wao wenyewe wako nyumbani kwetu. Ni hamira. Imeingia kutoka kwenye beseni la mama. Nikatengeneza chupa nyingine kwa akiba tuliyobakiza, aina tatu tupu, nikaificha kwenye kabati la maabara ya shule, na hadi leo mafuta yanaelea juu yake kama yalivyomiminwa.

Nikamweleza mwenyekiti wa klabu, ambaye tunamwita Spika kwa ajili ya mdomo wake. Kwanza akacheka. "Hamira? Kwani mtaro utaumuka?" Nilipomkumbusha kwamba kwenye maombi tuliandika aina tatu, kicheko kikakatika. "Sikiliza, profesa. Miaka yote huongei, leo ndiyo unataka kuanza? Siku ya wageni tutawaonyesha picha za hadubini za mwanzoni, kabla ya hamira, basi. Usituharibie."

Mwalimu ameshasafisha kona ambayo jokofu litakaa, na nikipita pale natamani ardhi ipasuke. Tena mama ameshawatangazia wateja kwamba chupa ya kusaidia kanda nzima imelelewa chumbani kwake, na nikisema ukweli watu watasema ni uchafu wa mama yangu ndio ulioiharibu. Nifanyeje?

Mtoto wa Mwoka Mikate

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza kula. Njaa haijawahi kumpa mtu shauri jema.

Vijidudu ninaowajua mimi ni wa kwenye sufuria iliyosahaulika, lakini kunyamaza nakujua sana, maana ndiko kunakonijazia meza barua. Huyo Spika wako ana maneno matamu yasiyo na kichwa. Mchanganyiko wenu ukikubaliwa, shule nyingine itapelekewa aina tatu mlizoandika. Watamimina, huenda mtaro wao ukaziba vilevile, na mtoto mwingine mpole kama wewe atajiuliza amekosea wapi. Kwao hakuna beseni la unga. Unataka kumtesa mtu usiyemjua kwa kosa asilolifanya?

Sasa zamu yako. Msomi mzima, chupa moja unaiweka kwenye joto la tanuri, nyingine unaificha kwenye kabati lenye baridi, kisha unajihukumu kwamba hamira ndiyo iliyofanya kazi! Hofu imekula akili. Hujui bado. Labda hamira inasaidia, labda imedandia tu na inakula bure. Hilo ni swali zuri, na maabara ya kanda ina watu wanaolipwa kulijibu. Sikudanganyi: wageni wanaweza kukataa, na ile kona ikabaki tupu. Itauma. Lakini jokofu lililopatikana kwa picha za mwanzoni utaliogopa kila ukilifungua.

Na mama yako umemweka mwishoni kabisa, ndipo nikajua kwamba hapo ndipo panapokuuma. Hamira kwa mwoka mikate si uchafu, ni kazi yake. Aliyeweka chupa juu ya beseni na kuifunika kwa kitambaa ni wewe. Basi mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa mteja, na umwambie kosa ni lako. Mama aliyewapokea wageni wako bila kuwaona hatashindwa kukupokea wewe.

Chupa usiimwage. Spika mjulishe kwamba unakwenda kusema. Akitaka afuatane nawe, asipotaka abaki na mdomo wake. Kesho, kabla ya kengele, nenda kwa mwalimu. Mwombe chupa zote mbili zikae mahali pamoja, kwenye joto moja, mbali na unga, na aujulishe mfuko kabla wageni hawajafunga safari. Watu wa utafiti wakiambiwa mapema huuliza maswali. Wakigundua wenyewe huondoka.

Na sauti ikikwama, usishindane nayo. Weka tone chini ya hadubini, tengeneza mwanga, msogezee mwalimu kiti. Useme maneno mawili tu: "Mwalimu, tazama."