Ganda la Kuogea

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Soko limefunguliwa tena. Meza yetu ya kuuzia dawa za maganda ya miti ingalipo, ila mguu mmoja ulivunjwa na bomu, nimeuegemeza kwa tofali. Wateja ni wengi kuliko zamani, maana hospitali haina dawa na vita vimeleta kila ugonjwa. Ungekuwepo ungecheka: "Ona, vita inatutajirisha!" Halafu ungetema mate chini.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuuza? Muuzaji atafune kwanza. Mteja akiona hujafa, ndipo anunue. Ulitafuna ganda la malaria, la tumbo, la mgongo, mpaka meno yakawa ya kahawia na shemeji akakutania kwamba anabusu mti. Ganda moja tu hukulitia mdomoni kamwe: lile jekundu la kuogea upele. "Hii iko ya ngozi. Mu tumbo inaua. Weye usisahau."

Sikusahau. Yule askari niliyemuuzia ganda hilo nilimwambia mara mbili kwamba ni dawa ya kuogea. Hakusikia, au hakujali. Mwenzake akainywa, akafa, askari wakaja na bunduki.

"Nani ameuza hii dawa?"

Nilifungua mdomo. Ukanikanyaga mguu chini ya meza.

"Njo miye niliuzisha," ukadanganya. "Lakini nilimuambia, haiko ya kunywa."

"Basi, tafuna."

Ukatafuna polepole, kama ulivyofanya kila siku mbele ya wateja, huku umenikazia macho ninyamaze. Nikanyamaza. Jua halijazama, ulikuwa umeshatutoka.

Watu wananiambia nikushukuru. Yaya, nimechoka kushukuru. Nina hasira na wewe. Wewe ulikuwa na watoto watatu, mimi sina hata mmoja. Uliamua peke yako, kama ulivyozoea kuniamulia kila kitu tangu tukiwa wadogo. Nani alikutuma? Sasa nalala na wanao kitanda kimoja. Nawapikia sombe ya majani ya muhogo, nawagombeza, nawabembeleza, na usiku nawasikia wakikuita ndotoni.

Wanao wawili wakubwa wananiita mama mudogo, wala sidai zaidi. Lakini kitinda mimba wako, uliyemwacha akinyonya, hakukumbuki hata kidogo. Jana sokoni, mbele ya watu wote, aliniita mama.

Nikaitika.

Lala salama, hata kama nimekukasirikia.

Mdogo wako uliyembakiza