Neno "Na" Kwenye Jiwe la Baba

Granville, Sydney
Jumapili, 19 Septemba 2021

Mdogo wangu Melkiori,

Leo nimehesabu tena: miaka arobaini na tisa tangu tuvuke ziwa tukikimbia Burundi, wewe ukiwa na miaka tisa na mimi ishirini na miwili, na miaka kumi na mitano tangu nifike nchi hii. Nakusalimu kwa moyo wote. Mguu wako umepungua kuvimba? Shemeji anaendeleaje na macho? Na migomba, mnyauko umeipitia mbali mwaka huu?

Sisi huku tu hai. Binti yangu Imelda bado anafanya kazi ya kutunza wazee. Anatoka alfajiri na barakoa mbili, anarudi jioni na michirizi usoni kama mtu aliyelalia mkeka. Tumefungiwa tangu mwisho wa Juni. Haturuhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, na helikopta ya polisi hupita juu ya paa letu mpaka nimezoea mlio wake. Nimechanjwa mara mbili. Mkono uliniuma siku mbili, basi.

Barua yako niliipata kwenye simu, pamoja na picha ya lile jiwe kabla halijachongwa. Umesema kamati ya kilima chetu huko Burundi imekubali liwekwe kando ya kanisa, na kwamba mimi, mtoto mkubwa, nitie sahihi chini ya maneno, kisha mipaka ikifunguliwa nije nilifunue. Nayanakili maneno hayo hapa tusije tukagombana juu ya jambo lisiloandikwa: "Hapa tunawakumbuka ndugu zetu waliofariki katika Ikiza ya mwaka 1972." Halafu majina. Baba ni wa tatu. Mjomba Marko ni wa mwisho, na mbele ya jina lake mmeweka neno "shujaa".

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mtu mmoja. Sina budi nikueleze habari zake kwanza, maana bila yeye ningetia sahihi siku ileile.

Katika jengo letu, ghorofa ya chini, alikaa mzee wa miaka themanini na minane aitwaye Mendel. Ni Myahudi wa Lithuania, nchi ndogo ya kaskazini iliyokuwa chini ya Wasovieti. Jina la mji wake alinifundisha kulitamka mara nyingi na sikuliweza, kwa hiyo siliandiki. Alifika hapa akiwa mtu mzima, akapokelewa kwenye hosteli ya wahamiaji pale Villawood, akafanya kazi ya mashine Seven Hills mpaka akastaafu. Mke wake alifariki. Binti yake yuko Melbourne, na mpaka wa jimbo umefungwa. Macho yake yalikuwa yamechoka kama ya shemeji, basi mimi nikawa msomaji wa barua zake. Yeye alikaa kwenye kiti ndani ya mlango wake, mimi kwenye ngazi, barakoa usoni, nikisoma kwa sauti ya darasani.

"Soma polepole, Mwalimu," alikuwa akiniambia. Neno hilo nilimfundisha mimi, akalipenda. "Sina haraka. Hii ni mara ya kwanza maishani mwangu kufungiwa ndani na watu wanaotaka niishi."

Alikuwa na miaka minane Wayahudi wa mji wake walipouawa. Wajerumani walikuwapo, lakini wachache. Kazi kubwa ilifanywa na watu wa mji. Mama yake na dada zake wawili walifungiwa kwenye ghala la nafaka, kisha wakapelekwa msituni. Yeye alifichwa na mwanamke mfuaji nguo, chini ya viazi. Kupitia ufa wa ukuta alimwona aliyeshika funguo za ghala, akiwaita watu kwa majina. Alikuwa karani wa posta. Ndiyo maana hakuhitaji orodha. Alijua kila nyumba.

Vita vilipokwisha, Wakomunisti waliweka nguzo pale msituni: "Hapa waliuawa raia wa Kisovieti wenye amani." Neno Myahudi halikuwapo. Mendel alipita pale kwa miaka mingi, akawa anajiuliza kama mama yake alipata kujua kwamba alikufa akiwa raia wa Kisovieti. Ukomunisti nao ukaanguka. Nguzo iling'olewa, watu wakawa huru kukumbuka, na shule aliyosoma Mendel ikapewa jina jipya. Ikapewa jina la yule karani wa posta, kwa kuwa baada ya vita aliingia msituni akapigana na Wakomunisti mpaka wakamwua. Alipigana kweli, Mendel hakulikana hilo. "Jasiri sana," alisema. "Hata mlangoni mwa ghala hakutetemeka."

Mwezi wa tano mwaka huu alipata barua kutoka halmashauri ya mji huo, kwa Kiingereza kizuri. Wanataka kuweka jiwe jipya msituni, lenye majina, ya mama yake na dada zake yakiwamo. Wanaomba akubali maneno. Nilimsomea: wakazi Wayahudi wa mji huu, walioangamia wakati wa vita.

Akaniomba niurudie mstari. Kisha akauliza, "Kwenu mnasemaje? Kwa lugha yako ya darasani."

Nikamwambia Kiswahili kina njia mbili. Unaweza kusema walikufa, walifariki, waliangamia. Hapo sentensi imekwisha na hakuna anayekudai zaidi. Ukisema waliuawa, mwanafunzi yeyote wa darasa la tano atanyosha kidole: na nani? Unakumbuka nilivyowafundisha pale makazi ya wakimbizi, Tabora, kauli ya kutendwa? Ugali uliliwa na Juma. Kikombe kilivunjwa na Asha. Nyinyi mlikuwa mkicheka kwa sababu Asha alikuwa dawati la mbele na kikombe alikivunja kweli.

"Na," akasema Mendel. "Ndilo neno lenyewe?"

"Ndilo. Herufi mbili."

"Basi waandikie. Nataka herufi mbili tu. Jiwe lao kubwa, zitaenea."

Nikaandika kama alivyotaka: waliuawa na Wajerumani na jirani zao.

Sasa niseme kitu cha aibu ya kwetu wenyewe. Wakati tukisubiri jibu, kwenye kundi la simu la Warundi wa hapa ilirushwa sauti ya mtu, kwa Kiswahili, ikisema korona ilitengenezwa na Wayahudi ili waitawale dunia. Watu wakaweka vidole gumba. Imelda akaniambia, "Baba, mute tu hilo kundi." Kabla sijafanya hivyo, Mama Koleta, yule mwimbaji wa kwaya yetu, akanipigia.

"Mwalimu, kaa mbali na huyo Myahudi wako. Si ndio waliomwua Yesu?"

"Na Yesu alikuwa nani, Koleta? Mrundi?"

"Ah! Wewe vitabu vimekuharibu."

Nilicheka, kisha sikucheka. Hata mimi, kijana mwalimu wa katekisimu, nilifundisha hivyo, na hakuna mtoto aliyenyosha kidole. Mendel nilipomsimulia hakushangaa. Alisema msituni kwao, kwenye ile sehemu ilipokuwa nguzo, mwaka huu wamepaka rangi maneno hayohayo ya ugonjwa. Nikafikiri sana usiku wa siku hizo. Ugonjwa, kitu kisicho na mwenyewe, watu wameutafutia "na" kwa wiki moja. Mauaji yenye wenyewe, wanaojulikana kwa majina na kwa kazi zao, hayapati "na" kwa miaka themanini.

Halafu nikaisoma tena barua yako, Melkiori. Ikiza. Mama alilitumia neno hilo la Kirundi kwa ukame na kwa tauni ya ng'ombe. Warundi wa hapa wanaiita korona ikiza. Ni neno la kitu kinachoshuka chenyewe kutoka juu. Baba hakushukiwa na kitu. Alivaa koti lake la Jumapili kwa sababu aliambiwa ni mkutano. Aliyekuja kumwita alikuwa muuza chumvi wetu, na alikuwa na karatasi, na jina la baba lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake. Mwandiko ule niliujua kutoka kwenye daftari la duka. Askari walikuwa wakisubiri barabarani na lori. Unajua, nami najua, kwamba mwana wa muuza chumvi ndiye katibu wa kamati yako.

Umeniandikia: "Kaka, wewe uko mbali. Sisi tunachota maji kisima kimoja na watu hawa." Najua. Maneno hayo sikuyapuuza. Lakini subiri uone nilivyoyasikia mara ya pili.

Jibu la halmashauri lilifika mwezi wa nane. Mendel alikuwa ameanza kukohoa. Nilikaa kwenye ngazi, nikasoma kwa macho kabla ya kusoma kwa mdomo. Waliandika kwamba miaka ile ilikuwa mibaya kwa watu wote. Kwamba wengi mjini wanakumbuka pia kuwa baadhi ya Wayahudi waliwakaribisha Wakomunisti, waliowapeleka watu wao Siberia. Kwamba kuandika "na jirani zao" kungefungua vidonda kati ya watu wanaopaswa kuishi pamoja. Kwamba jiwe limekwisha kuchongwa.

Melkiori, baba mdogo wa Mendel mwenyewe alipelekwa Siberia kwa treni zilezile, baada ya duka lake kutaifishwa. Alikuwa amenisimulia. Nikamtazama yule mzee ameegemeza kichwa mlangoni, anasubiri. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaruka yote yaliyofuata, nikasema, "Wanashukuru kwa barua yako. Wanasema bado wanafikiri."

"Wanafikiri!" akasema. "Basi kuna tumaini. Haikuwa desturi yao."

Siku nne baadaye gari la wagonjwa lilimchukua. Hakurudi. Serikali iliruhusu watu kumi kwenye maziko, na kumi ndio idadi ya wanaume ambayo dini yao inataka ili sala ya marehemu isomwe, kwa hiyo hapakuwa na nafasi yangu. Binti yake alitazama kwa simu kutoka Melbourne. Nilimpigia nikamweleza nilichofanya. Alisema nilimfanyia baba yake wema. Sikuupokea. Mzee yule alivumilia viazi, nguzo, Wasovieti na shule. Angeweza kuvumilia ukurasa mmoja. Nilimnyima haki ya kukasirika, na nilifanya hivyo kwa sababu zilezile za halmashauri, na zilezile zako: ili pawe na utulivu.

Kwa hiyo kwako siruki kitu, hata kinachotuumiza.

Mjomba Marko. Wewe unamkumbuka alivyokubeba mabegani. Mimi namkumbuka siku tatu kabla ya baba kuitwa, alipotoka barabarani na vijana wenzake. Aliomba sabuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwanamume akiosha panga kwa sabuni. Yule mganga wa zahanati, mke wake na watoto wao wawili walikuwa wameuawa na wao asubuhi hiyo, na kosa lao lilikuwa kabila. Sikumwuliza mjomba kitu. Nilimletea maji ya kusuuzia. Baadaye na yeye aliuawa na askari, bila kesi, na hilo nalo ni kweli. Lakini neno "shujaa" lifutwe. Nimeona shule yenye jina kama hilo.

Ombi langu liko hivi. Jiwe liseme: waliuawa na askari wa serikali na baadhi ya jirani zao. Na chini yake, majina manne ya nyumba ya mganga, waliouawa na vijana wa kilima hikihiki. Sitaki kabila lolote litajwe kama mwuaji. Kabila halina mkono wa kushika kalamu wala panga. Nataka "na", halafu watu.

Kamati ikikataa, jina la baba lisichongwe. Sahihi yangu hamtaipata kwa maneno mengine. Usibishane nao, mdogo wangu. Wewe ndiwe unayelala hapo, na mimi siwezi kukulinda kutoka huku. Sema ni mimi. Sema kaka yako wa Australia amekuwa mkaidi, vitabu vimemharibu. Waonyeshe barua hii, au usiwaonyeshe, utapima mwenyewe. Wakinikasirikia, wanikasirikie.

Nisalimie shemeji, mwambie asisome kwenye mwanga hafifu. Msalimie shangazi Verediana, aliyebaki peke yake wa rika la mama, na umwulize kwa upole kama anakumbuka majina ya watoto wa mganga, maana mimi nakumbuka moja tu, Espérance. Msalimie mwanao wa kwanza, mwalimu mwenzangu, na mkwe wenu aliyejifungua. Mtoto nimemwona kwenye picha, ana paji la baba. Imelda anawasalimu, amesinzia kwenye kiti na viatu vya kazi mguuni.

Umeuliza nitakuja lini kulifunua jiwe. Wakiandika nilivyosema, lifunue wewe. Ulikuwa mdogo, hukumletea mtu maji ya kusuuzia, ni haki yako. Wakiandika walivyotaka, sina la kufanya pale. Mipaka itafunguliwa, nauli itapatikana, Imelda amekwisha kuniambia atanisindikiza. Sitarudi.

Kaka yako,
Leonidasi